Mgeni Asiyetoa Mkono

Kama gari lile lingeharibikia kwa jirani, au pale wanapoegesha bodaboda, au mahali popote pengine Gatitu, huenda leo ningekuwa nacheka nikisimulia. Lakini lilichagua kuharibikia mbele ya lango la mama yangu, wakati ule ule mama amesimama langoni na suti yake ya kanisa, akimsubiri mwanamume ninayempenda.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Julai, baridi ile ya Nyeri ya kuingia mpaka kwenye meno. Philemon alibonyeza honi mara moja, kwa adabu. Kukasikika mlio kama wa soda inayofunguliwa, na boneti ya kigari chake chekundu ikaanza kufuka mvuke mweupe kila upande. Mvuke ulimfunika mama mzima mzima. Ulipopungua, kutoka mlangoni nilikokuwa, nilimwona bado amesimama palepale, mkono wa kulia ameunyoosha mbele, tayari kusalimia. Mama yangu, Wachuka, ni mtu wa salamu. Kwake yeye, mtu asiyetoa mkono ama ni mwizi ama ni mgonjwa.

Philemon alishuka, akauona ule mkono, akarudi nyuma. Akalizunguka gari mpaka upande wa pili, akaificha mikono yake yote miwili mgongoni, akainama mpaka kidevu kikagusa tai.

"Habari ya hapa, mama," aliliambia gurudumu.

Mkono wa mama ulibaki hewani peke yake. Kisha aliushusha polepole, akaupangusa kwenye sketi kana kwamba ulikuwa na uchafu. Aligeuka akanitazama mimi, na kwa jinsi alivyonitazama nilijua siku yangu imeharibika kuliko gari.

Niseme wazi kilichokuwa hatarini. Philemon ni mwalimu wa kemia, mtu wa Bungoma, aliyeletwa na kazi huku kwetu akakuta nauza dawa za mifugo mjini Nyeri. Alikuja dukani kununua dawa ya minyoo ya ng'ombe wa shule, akarudi wiki iliyofuata kununua nyingine, na ng'ombe wa watu hawakuwa na minyoo ya kiasi hicho. Tulipendana. Wazee wa kwao walikuwa tayari kufunga safari Jumamosi iliyokuwa inakuja, waje wajue nyumbani kwetu. Mama alikuwa ameweka sharti moja tu: amwone kijana kwanza. Akimwona na roho ikakubali, jioni angempigia simu mjomba Muchiri awapokee wageni. Roho ikikataa, wazee wakae kwao. Baba alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo neno la mama ndilo lililokuwa limebaki, na mimi sikuwa binti wa kutoroka. Bila ndiyo yake nisingeolewa.

Nilikuwa nimemsifia Philemon kwa miezi. Nilimwambia mama kwamba ni mchangamfu, anaongea kama redio, atampenda kama mwanawe. Sasa redio yenyewe ilikuwa imezimika, imejibanza nyuma ya gari.

Mjomba Muchiri alipaswa kuwapo ampokee mgeni, lakini alikuwa ameenda kwenye mazishi Gakindu na simu yake haikuwa ikishika. Kwa hiyo tulikuwa watatu tu, na gari.

Tulilisukuma ndani ya boma. Philemon alisukuma, mimi nikashika usukani, na kila mama alipokaribia kusaidia, Philemon alihamia upande mwingine. Alifungua boneti akachungulia. Kile kigari ni cha milango miwili, kifupi, cha mbio, na ndani ya boneti vitu vimebanana hata kidole hakina pa kupita. Alisema ni mpira wa maji, ule mdogo wa nyuma kabisa unaopeleka maji ya moto kwenye hita. Umezeeka, umepasuka. Alisema ataubadilisha yeye mwenyewe, ni kazi ndogo. Wanaume na neno hilo, kazi ndogo.

Nilikuwa na haraka ya mambo kwenda sawa, na haraka haina baraka. Nilinyoosha mkono nikazungusha kifuniko cha rejeta nione kama bado kuna maji. Nilisikia Philemon akisema usifungue, na tayari mvuke ulikuwa umenichoma vidole.

Alinishika mkono kabla sijalia. Aliushika kwa mikono yake miwili mipana, akaupuliza, akanitazama kwa yale macho yake ya upole yaliyonimaliza siku ya kwanza dukani, na kwa kitambo kidogo nilisahau maumivu, nikasahau mama, nikasahau Bungoma yote. Nilitaka tubaki hivyo.

Kisha mama akaja mbio na dawa ya meno ya kunipaka. Alipofika karibu, Philemon aliuachilia mkono wangu. Aliutupa, nisimung'unye maneno, mkono wangu ulioungua, akarudi nyuma mpaka kwenye tenki la maji. Mama alinipaka dawa, akanifunga kitambaa. Nilijikaza kisabuni nisilie, na haikuwa kwa sababu ya vidole.

Philemon aliita bodaboda akaenda mjini kutafuta mpira mwingine. Mama alinivuta jikoni. Huko kulikuwa na mukimo wa viazi na mahindi, kuku wa kienyeji na chapati alizoamka alfajiri kuzipika. Aliketi kwenye kigoda chake cha miguu mitatu.

"Huyu ndiye ulisema anaongea kama redio?" aliuliza.

Nilimwambia labda ana aibu. Mama alisema aibu ni ya msichana anayeenda kubatizwa, si ya mwalimu mzima. Alisema watu wamemwonya kwamba watu wa mbali wana madharau, na yeye aliwanyamazisha watu kwa ajili yangu, akajifunga suti, akasimama kwenye baridi. Hata mimi sikuelewa. Mtu aliyezoea kumkumbatia mpishi wa shule na kutaniana na mama mboga wote wa stendi, leo anashindwa kumpa mama yangu mkono?

Aliporudi na mpira mambo yalizidi. Aliniomba chombo cha kukingia maji yaliyobaki kwenye rejeta, nami kwa kuchanganyikiwa nikamletea karai la mama la kukandia unga. Mama alipotoka akaona yale maji ya kijani yanachuruzika ndani ya karai lake, na kuku wake wawili wanasogea kunywa, aliwafukuza kuku kwa mwiko. Philemon aliniambia, kwa sauti ya chini, niwazuie kuku kabisa kwa sababu maji hayo ni sumu. Mama alisikia neno sumu, na uso wake haukuwa uso wa mtu anayekaribia kutoa binti.

Alimwita aje ale. Philemon, kichwa ndani ya boneti, alijibu kwamba anashukuru sana lakini ameshiba. Ameshiba wapi? Mama alimwita aingie ndani angalau apate joto. Alisema mikono yake ni michafu. Mama alileta maji ya kunawa, akayaleta yeye mwenyewe, na Philemon akaingia chini ya gari. Nilitazama viatu vyake vimetokeza nje, vya ngozi, alivyovipiga rangi kwa ajili ya siku hii, nikatamani kuvivuta.

Chai aliikubali, ila kutoka mkononi mwangu. Nilipompa vidole vyetu viligusana, akanitazama haraka kama mtu anayeomba msamaha, kisha akaangalia mlango wa jikoni kama mwenye hofu. Nilimwuliza ana nini leo. Akasema tumalize gari kwanza.

Lakini gari halikutaka kumalizwa. Klipu ya zamani ilikuwa imeshika kutu. Aliivuta kwa koleo mpaka ngozi ya vidole vyake ikachubuka, akaitoa. Mpira mpya ukagoma kuingia. Ulikuwa mgumu, umebana, na kule nyuma hakukuwa na nafasi ya kuusukuma na kufinya klipu kwa wakati mmoja. Kazi ilitaka watu wawili, mmoja asukume, mwingine afinye. Nilijaribu kwa vidole vyangu vilivyofungwa kitambaa, maumivu yakanipanda mpaka kwapani. Mpira uliingia kidogo ukateleza tena. Philemon aliuma meno. Nilimsikia akisema kitu kwa Kibukusu cha kwao ambacho nina hakika hakisemwi kanisani.

Hapo ndipo mama yangu alipotoka. Alikuwa amevua koti la suti na kukunja mikono ya blauzi. Ana mikono midogo, mama, na imezoea kazi. Kwa kweli alikuwa amejishusha, na mama si mwepesi wa kujishusha. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye gari, akainama, akaingiza mkono ndani ya boneti kando ya mkono wa Philemon.

"Nionyeshe mahali nitashika," alisema. "Hii kitu tutaimaliza leo."

Philemon aliuchomoa mkono wake kana kwamba ameona nyoka. Koleo lilianguka likapotelea tumboni mwa gari. Alirudi nyuma, akajikwaa kwenye karai, yale maji ya kijani yakamwagika kwenye viatu vyake, akaendelea kurudi mpaka mgongo ukagonga ua wa michongoma. Akasimama huko, ametazama chini, anahema.

Mama alibaki ameinama. Kisha alijinyoosha, akashusha mikono ya blauzi mmoja baada ya mwingine.

"Mukami," alisema kwa Kiswahili, ili na Philemon asikie. "Mimi sina ugonjwa. Sijamkosea huyu mtu kitu. Wapigie watu wake simu, waambie wasisumbuke kukuja."

Akaingia jikoni. Hakubamiza mlango. Angeubamiza ningepata nafuu.

Nilimwendea Philemon pale kwenye ua na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu ya mtu yeyote. Nilimuuliza kama anajua alichofanya. Alisema anajua. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Unamwonea mama yangu kinyaa?" niliuliza.

"Mukami, usiseme hivyo. Huyo ni mama mkwe wangu."

"Bado."

"Kwako ni bado. Kwangu mimi nilishaamua kitambo." Alijipangusa mikono kwenye suruali yake nzuri, akaiharibu. "Kwetu mtu hagusi mkono wa mama mkwe. Hamwangalii kwa macho. Hali chakula mbele yake. Mkikutana njiani ni wewe unatafuta pa kupita. Babu yangu, yule alinilea, siku moja alimwona mama mkwe wake anatoka soko, akaingia ndani ya miwa na suti. Alitoka huko amekatwakatwa uso. Na alikuwa anatuambia hiyo hadithi akiwa na furaha."

Nilisimama nikimtazama. Nilitaka kumbusu, na nilitaka kumpiga na spana.

"Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Nilijua mjomba wako atakuwa hapa. Nilipanga nisalimie mama kwa mbali, nikae na mjomba, niende. Nani alijua gari itafia hapa?"

"Philemon, ungeniambia."

"Ungeniambia niache."

"Ndio, ningekuambia uache."

"Na singeweza." Alinitazama usoni, akanitazama sana. "Niko na mama za marafiki wengi hapa Nyeri. Wote nawapa mkono. Nikimpa mama yako mkono, nitakuwa nimemwambia yeye ni kama wale wengine."

Kama angeniambia maneno hayo dukani, jioni, tukiwa wawili, ningelia kwa furaha. Lakini aliniambia kwenye michongoma, mama yangu akiwa ameshafunga mlango. Nilimwomba aende amsalimie mara moja tu, kwa ajili yangu, halafu mila zake azirudie kesho. Alisema nimwombe kitu kingine chochote. Nikamwambia basi achague, mila ya babu yake au mimi.

"Usinipe hiyo hesabu, Mukami," alisema polepole. "Wewe ndio sababu naifuata."

Niliondoka nikamwacha hapo. Nilikuwa nimechoka na wote wawili. Kila mmoja alikuwa anampa mwenziwe heshima ya kwao, na heshima zenyewe zilikuwa zinagongana kama mafahali, na nyasi nilikuwa mimi.

Jikoni mama alikuwa anafunika mukimo kwa sahani. Nilimweleza kwa Kikuyu, haraka haraka, kabla hajaninyamazisha. Nilimweleza kuhusu mkono, kuhusu macho, kuhusu chakula. Hakugeuka. Nilipofika kwenye babu aliyeingia ndani ya miwa na suti, mkono wake ulisimama juu ya sahani.

"Ati aliingia wapi?"

"Kwa miwa. Ndiyo asipite karibu na mama mkwe."

Mama aliketi kwenye kigoda. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika, na sikujua kama ni kicheko au ni kilio, na nadhani hata yeye hakujua.

"Baba yako aliingia kwa kahawa," alisema.

Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Mama alizaliwa Kianyaga, na baba alikuwa akienda huko kumwona akiwa kijana. Siku moja alikuwa anapanda njia ya kiwandani na viatu vipya, mvua imetoka kunyesha, akamwona bibi yangu anateremka na mzigo wa kuni. Njia ilikuwa nyembamba. Baba aliruka ndani ya mibuni iliyolowa, akajikunja huko na viatu vyake vipya. Bibi alipita akiangalia mbele kana kwamba hakuona kitu. Alipofika nyumbani aliweka kuni chini na kumwambia mama yangu kwamba yule kijana ni mtu.

"Tulikuwa tunaita thoni, ile haya ya wakwe," mama alisema. "Hata sisi tulikuwa nayo. Halafu tukaokoka, tukaambiwa hayo ni mambo ya zamani, tukaanza kukumbatiana. Mimi nimesahau kabisa, Mukami. Nimesahau mpaka mtu wa Bungoma akaja kunifanyia hapa kwangu, nikaona ni madharau."

Nilijua anamfikiria Steve, mume wa dada yangu Anita. Steve alimkumbatia mama siku ya kwanza, akamwita mathe, akajipakulia chakula mwenyewe kutoka kwa sufuria, na sote tukasema huyu ni wa nyumbani. Alimwacha Anita na watoto bila hata kwaheri, na mama hakuwahi kumzungumzia tena.

"Huyo mwingine alinikumbatia," mama alisema.

Nilipiga magoti karibu naye nikamuuliza kama sasa amekubali, kama nimwambie Philemon wazee waje.

"Aca, hapana," mama alisema. "Ngoja kwanza."

Alinitazama, na hasira yote ilikuwa imetoka usoni mwake. Kilichobaki kilinitisha zaidi.

"Kama ni hivyo, siku utajifungua, nani atakuja kukupikia uji? Anita nilikaa kwake mpaka mtoto akajua kucheka. Kwako nitakaa aje, na mwenye nyumba haniangalii? Nitakuwa nakuona wapi, Mukami? Kwa barabara?"

Nilikuwa nimefungua fundo moja tu nikakuta jingine chini yake, na hili lilikuwa limenifunga mimi. Katika miezi yote ya kupendwa sikuwahi kufikiria kwamba nyumba yangu inaweza kuwa nyumba ambayo mama yangu hawezi kuingia akalala. Niliweka kichwa changu mapajani pake, nikalia kama mtoto, na mama akanishika kichwa bila kusema pole.

Sauti ya Philemon ilitoka nje, kutoka mbali, kwenye ua.

"Mukami. Niombee mama maji moto. Nichovye mpira ulainike, utaingia."

Juu ya jiko kulikuwa na sufuria ya maji iliyokuwa ikichemka kwa ajili ya chai ya pili, ambayo hakuna aliyeinywa. Niliinuka kuichukua. Mama alinikumbusha kwamba nina mkono mmoja. Alichukua leso yake kutoka msumarini, akajitanda kichwani akaivuta mbele mpaka karibu ifike kwenye macho. Akaibeba sufuria mwenyewe.

Alitoka polepole, akiangalia mbele. Hakwenda mpaka kwenye gari. Katikati ya uwanja kuna jiwe la kufulia. Aliweka sufuria juu ya jiwe lile, akageuka, akaenda mpaka kwenye kona ya nyumba, akasimama ametupa mgongo, akitazama nepia, yale majani ya ng'ombe.

Philemon alikuwa ameona yote. Alisubiri mpaka mama akamaliza kugeuka. Kisha akaja mpaka kwenye jiwe, na nilimwona ametua kidogo kabla ya kuishika sufuria, akimeza mate, na machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba ameeleweka. Sufuria ndiyo iliyomwambia.

Aliuchovya mpira mpaka ukalainika. Nilisogea upande wake nikaingiza mkono wangu wa kushoto, ule mzima. Yeye alisukuma, mimi nikafinya, nikakosea, nikafinya tena. Mkono wake ulikuja juu ya wangu kule nyuma ya injini, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuona, na alinisaidia kufinya, na mpira ukaingia mpaka mwisho. Hatukuitoa mikono mara moja. Pua zetu zilikuwa karibu kugusana juu ya injini iliyonuka mafuta, na hakuna aliyetabasamu. Tulikuwa na hofu moja.

Alijaza maji na kulanti, ile dawa ya kijani ya rejeta, akawasha gari, akafungulia hita mpaka mwisho, akasubiri hewa yote itoke ndani ya mipira. Alilala chini akachungulia. Hakuna tone lililoanguka. Kazi ndogo ilikuwa imekula siku nzima.

"Mukami," mama aliita kutoka kwenye kona, uso bado kwenye nepia. "Muulize huyo mtu, mtoto wangu akijifungua, mimi nitakuwa wapi."

Philemon alikuwa amesimama pale pale. Alisikia kila neno. Lakini aliningoja mimi, na ilibidi nimgeukie, nimwambie kwa uchungu wote wa siku ile kwamba anaulizwa, nikijifungua, mama yangu atakuwa wapi. Niliona akifikiria, na nilijua kwamba jibu hili hajafundishwa na babu yake.

Alizima injini ili asikike.

"Mwambie mama atakuwa kwa nyumba," alisema. "Ndani, na wewe. Mimi ndio nitatoka. Nitalala shuleni, nitalala kwa rafiki, si kitu. Akae mpaka yeye mwenyewe aseme imetosha. Nikitaka kuona mtoto nitabisha, mnitolee nje."

Nilimgeukia mama.

"Anasema..."

"Nimesikia," mama alisema.

Alisimama kwa muda mrefu akiangalia majani. Sikuweza kuuona uso wake, wala Philemon hakuweza, na tulisimama kando ya gari tukiutazama mgongo wake kana kwamba ndio uliokuwa unatuhukumu. Kisha aliingiza mkono mfukoni mwa sketi akatoa simu. Safari hii ilishika. Alizungumza na mjomba Muchiri kwa sauti ya juu, kama anavyozungumza kila mara na mtu aliye mbali.

Alimwambia Jumamosi awe nyumbani mapema, wageni wa Bungoma wanakuja. Alimwambia atafute mbuzi mzuri. Halafu akasema viti vyote viwekwe sebuleni isipokuwa chake. Chake kiwekwe jikoni, na mlango ufungwe.

Bila shaka mjomba aliuliza kwa nini mwenye mji ajifiche siku ya wageni wake, maana mama alisikiliza kidogo, akaivuta leso vizuri kichwani.

"Kijana wangu ameshinda hapa na njaa kutwa nzima," alisema. "Siku hiyo lazima apate kula."